Mhariri, hii kodi ya miezi sita inatuchosha wapangaji wa Kigoma

Mhariri pole na kazi. Mi ni msomaji wako wa huku mwisho wa reli, Kigoma, na niseme tu ukweli gazeti lako silinunui kila siku, mara nyingi nalikuta limefungia maandazi, nalikunjua nalisoma hivyo hivyo na mafuta yake. Leo naomba na mimi unipe kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kifuani muda mrefu, kila nikisema basi ninyamaze tarehe ya kodi inafika naanza upya.

Ni hii tabia ya wenye nyumba kutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Najua utasema mbona hiyo ya zamani na iko kila mahali, Dar ipo, Mwanza ipo, Tabora kwa shangazi yangu ipo. Sawa. Lakini huku kwetu kuna kitu hao wanaotuandikia mikataba ama hawakijui au wanakijua wanajifanya hawakioni, nacho ni mwezi. Sisemi mwezi wa kalenda, nasema ule wa angani.

Mi naanika dagaa mwalo wa Kibirizi, pale boti zinaposhusha samaki, huu mwaka wa 11. Dagaa wa Kigoma anavuliwa usiku kwa taa, zamani ilikuwa karabai siku hizi taa za betri na sola, boti zinatoka jioni na giza likiingia ukisimama juu kule mtaani unaziona taa zimetapakaa ziwani, mgeni anaweza akadhani ng'ambo ile kuna mji. Dagaa anaifuata taa, anajikusanya, wanamzoa na wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, mbalamwezi imetanda ziwa zima, dagaa ana sababu gani ya kuhangaika na taa ya mtu? Anatawanyika anakwenda zake. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kama 7 mpaka 10 hivi wavuvi wanaegesha boti, wanashona nyavu, wanacheza bao, wanalala, na sisi waanikaji tunalala nao (nasema kulala kwa kukosa kazi mhariri, usije ukanivunjia ndoa).

Kwa hiyo kwetu mwezi hauna siku 30. Una siku 20 na ushee, hapo toa siku za upepo ambazo boti hazitoki, toa siku za mvua ambazo boti zimetoka zimerudi na mzigo ila jua hakuna, toa siku tajiri ameamua mzigo wote anauza mbichi. Kinachobaki ndio mshahara. Na unakuja kwa siku, leo 8,000 kesho 15,000 keshokutwa umekula hasara umerudi na beseni tupu kichwani. Boda wa huku naye ni hivyo hivyo, anayetembeza mawese hivyo hivyo, wabeba mizigo bandarini nao hivyo hivyo. Mji mzima tunaokota kwa siku, halafu anakuja mtu anataka umpe nusu mwaka kwa mkono mmoja.

Ngoja nikueleze Desemba 2023 ilivyokuwa. Nilikuwa nimenunua beseni 6 alfajiri, bei ilikuwa juu kidogo ila nikasema giza limekolea wacha nijitose. Nimeanika juu ya vichanja vizuri, dagaa wameanza kukauka wanatoa ule mlio ukiwageuza kama majani makavu, saa 5 saa 6 hivi wingu hilo. Mvua ya Kigoma ya mwezi wa 12 haipigi hodi. Tukaanza kukimbizana na maturubai, wanawake karibu 20, huyu anavuta huku yule anavuta kule, mwingine analia kabisa maana mzigo ni wa mkopo. Nimeshika pembe ya turubai kwa mkono mmoja simu ikaita, naitoa kiunoni magamba yamejaa kwenye kioo hata jina silisomi vizuri, nikafuta na kanga, baba mwenye nyumba.

Shikamoo baba. Marahaba mama, habari za huko. Nzuri baba. Unakumbuka leo tarehe ngapi?

Mhariri mi najua heshima, yule mzee ni umri wa baba yangu na sina ubaya naye, lakini siku ile nilitamani nimpe ile pembe ya turubai aishike yeye. Dagaa akilowa namna ile hata jua likirudi hana tena thamani, anavunjika, ananuka, mtu hali, unamuuza kwa wenye kuku kwa bei ya kutupa. Beseni 6 zote zilikwenda kwa kuku. Na kodi iko pale pale.

Nakaa chumba na sebule Mwanga ya hapa hapa Kigoma, 60,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 50,000, akapandisha kwa maneno kwamba SGR inakuja. Ni kweli mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, tulifurahi wote na mimi nilifurahi maana dagaa wangu wangefika Dar bado wananukia vizuri. Ila treni yenyewe sijaipanda wala sijaiona, kodi yake imeshafika. Wengine wanasema ni hawa watumishi na watu wa mashirika ya wakimbizi ndio waliotuharibia bei, wanalipa mwaka mzima bila kuuliza. Mi siwalaumu, mtu akiwa nacho alipe.

Kwanza nieleweke, silalamikii hiyo 60,000. Giza likiwa zuri 60,000 naitenga nikiwa nacheka, natia elfu 2 elfu 3 kwenye kibubu kila siku na mwezi ukiisha iko pale. Ninacholalamikia ni 360,000. Mhariri laki 3 na 60 za kwangu mimi mwenyewe zikiwa pamoja mkononi sijawahi kuziona, nikishika hela kama hiyo ujue ni ya mzigo wa mtu. Sasa nikifanyaje? Ile Desemba nilivunja kibubu kukawa na 60,000, nikamwomba kijumbe wa upatu wetu anisogeze namba nikapata 100,000, iliyobaki 200,000 nikaenda kwa hawa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Nilipewa laki 2 taslimu hapo hapo, kitambulisho wakabaki nacho, marejesho 9,000 kila siku kwa siku 30, piga hesabu ni 270,000. Na wale jamaa hawajui mbalamwezi wala mvua. Boti zimelala wao wanakuja, jioni saa 11 kamili unaona pikipiki imesimama pale kwenye vichanja, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho anakuita kwa sauti wenzako wote wasikie.

Sasa hapa ndipo nataka wasomaji wako wanisaidie kufikiri. Mwenye nyumba wangu ni mstaafu, pensheni yenyewe tunajua, na siku moja nilimbembeleza nikamwambia baba niruhusu nilipe mwezi mwezi, akanijibu kwa upole kabisa, mama, hela ya mwezi mwezi inaliwa, ya mkupuo inajenga. Na kweli anajenga. Ana kiwanja huko njia ya Mwandiga, nyumba imefika kwenye lenta. Mimi na wenzangu 3 tuliopanga pale kila Juni na Desemba tukitoa hela tu, unasikia tofali zimeongezeka au saruji imeshushwa. Nikipita na daladala naiangalia ile nyumba najisemea ile kona ya kushoto ni dagaa wangu.

Maana yake nini? Maana yake sisi wapangaji ndio benki yake. Anachukua kwetu hela ya miezi 5 ambayo hatujaikaa bado, anajengea, riba hakuna, dhamana hakuna, fomu hakuna, mdhamini hakuna. Akienda benki na yeye watamtaka hati ya kiwanja na riba juu. Kwa hiyo anakopa kwangu bure, na mimi ili nimkopeshe yeye bure naenda kukopa kwa riba ya kausha damu. Masikini anamkopesha mwenye nyumba! Na siku ya kuandikiana ananiandika mimi ndiye mwenye deni. Nimelizungusha hili kichwani mara nyingi nikigeuza dagaa na kila nikilizungusha linatokea pale pale.

Kuna mtu atasema chukueni ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba. Ipo, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na kikundi chetu tuliomba. Lakini ile ni ya biashara, ukiomba unasema utafanya mradi gani, hakuna mahali pa kuandika mradi wetu ni kumlipa baba mwenye nyumba. Ingawa ukweli vikundi vingi hela ikitoka inapitia huko kwanza, tusidanganyane.

Halafu ikaja 2024. Tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ziwa lilifungwa, miezi 3 hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, na sio sisi peke yetu, yalikuwa makubaliano ya nchi zote 4 zenye ziwa, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi. Wapo wenzangu wanapinga na nikiwaambia hivi wananinunia lakini mi nimekaa pale miaka 11, nimeona dagaa anavyopungua na mgebuka anavyozidi kuwa mdogo, na lilipofunguliwa nilinunua migebuka minene ambayo sikuwa nimeiona muda. Ninachouliza ni kingine. Walifunga mwalo, wakafunga nyavu, wakakusanya viongozi wakaeleza faida za samaki kupumzika, hakuna aliyesema neno moja kuhusu kodi. Samaki alipumzishwa, mpangaji hakupumzishwa. Na Juni ni mwezi wa kulipa!

Nilihangaika. Nilitembeza mawese kwa chupa nyumba kwa nyumba, nikapika vitumbua, nikafua nguo za watu. Kitoweo chenyewe, naona aibu kusema, nilinunua dagaa wa Mwanza mimi mtoto wa Kigoma nikampikia mume wangu akauliza hiki ni nini. Tarehe 30 Juni nilikuwa na 95,000. Nikampelekea baba akasema siwezi kupokea nusu nusu, ukishakamilisha uje. Siku ya 4 narudi na ndoo ya vitumbua jioni nakuta mlango una kufuli 2, la kwangu na jingine kubwa jipya la rangi ya shaba juu yake. Wanangu wamekaa kizingitini na mabegi ya shule, mdogo ananiambia mama babu amekuja na nyundo. Vyombo, unga, godoro, vyote ndani. Tulilala kwa dada wa chumba cha kona siku 2, watu 7 chumba kimoja, namshukuru mpaka leo.

Siku ya 3 nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyu niseme alifanya kazi, alituita wote wawili chini ya mwembe, akamsikiliza mzee akanisikiliza na mimi, akamwambia mzee pokea ya miezi 2 kwa sasa, ziwa likifunguliwa atalipa mwezi mwezi mpaka amalize. Mzee akaguna, akakubali. Nikaongezea kwa kukopa kwa dada 25,000, nikatoa 120,000, kufuli likatoka. Na kuanzia Septemba mpaka Desemba nililipa 60,000 kila mwezi, sikuchelewa hata mara moja, naye anapokea anaandika kwenye daftari lake. Unaona sasa? Miezi 4 imewezekana. Yeye hakufa njaa, mimi sikuingia kausha damu, nyumba haikuanguka. Nikajua basi tumeshaelewana. Desemba ikafika akanipigia, mama mkataba unaisha, tunaanza upya, miezi 6.

Nilimuuliza kwa nini baba wakati tumeona inawezekana. Akasema ile ilikuwa ya dharura.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayesoma sheria, ni mtoto wa jirani, nikamuuliza hivi hakuna sheria? Akaniambia ilikuwepo, ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo mambo ni mkataba, mlichokubaliana ndicho hicho hicho. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo, lakini uende ukaseme nini, nimekubali mwenyewe nimesaini mwenyewe. Mkataba wenyewe ni ile karatasi ya kununua stesheneri, mmejaza majina na tarehe, imeandikwa mpangaji asifanye hivi mpangaji asifanye vile, mwenye nyumba asifanye nini hakuna. Kukubaliana gani huku mhariri, mtu ana watoto 3 na godoro kichwani, dalali keshakula kodi yake ya mwezi mmoja, umwambie mwenye nyumba sikubali kipengele hiki? Atakwambia haya mama, tafuta kwingine, na huko kwingine ni miezi 6 vile vile.

Nitapita haraka kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, maana hili nalo linaniuma ila barua imeshakuwa ndefu. Nyumba yetu mita moja wapangaji 4. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa humo humo kwenye umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hata jina lake linasema. Tuliambiwa wakati ule mpangaji akikatwa aelewane na mwenye nyumba wake. Haya, nani ameelewana? Kwetu ikifika tarehe 1 hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme, tunategeana, tunakaa gizani watu wazima na simu zimezima, kila mtu anajifanya hajaona, mpaka mwenye friji ya barafu ashindwe kuvumilia ndio anunue. Akinunua wa 2,000 anaona uniti zilizotoka anatoka nje anatukana ukuta. Na kwa kuwa tuko wengi kwenye mita moja tunavuka zile uniti 75 za wenye matumizi madogo, kwa hiyo hata ile bei ya chini ya mnyonge haituhusu, tunahesabiwa kama tajiri mmoja mwenye nyumba kubwa kumbe ni masikini 4 tumebanana.

Sasa naomba nini. Siombi kodi ishushwe. Siombi nyumba ya bure. Naomba kama ile sheria ilifutwa basi hata halmashauri yetu ya Kigoma Ujiji itunge kasheria kadogo, au bunge litunge, kwamba mwisho wa kudai mbele ni mwezi mmoja, ikizidi sana miwili, na karatasi ya mkataba isainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na ieleze wajibu wa pande zote. Na mwenye nyumba anayeogopa atadhulumiwa nampa haki yake, wapo wapangaji wa hovyo wanahama usiku na hata balbu wanafungua, basi achukue ya mwezi mmoja kama dhamana airudishe mtu akihama salama. Hapo mi nalipa kesho asubuhi. Na siku serikali itakapofunga tena ziwa, hao hao waliokuja mwaloni kutueleza habari za samaki waje na mtaani wakae na wenye nyumba, kama alivyokaa yule mwenyekiti chini ya mwembe, saa moja tu ilitosha.

Na baba mwenye nyumba kama itakufikia hii, baba mi nakuheshimu, jenga, Mungu akujalie uezeke, ila ukikopa kwangu na mimi nihesabu kuwa nimekukopesha.

Mhariri jina langu nakuomba usiliweke. Yule mzee gazeti anasoma, analisoma pale kwa kinyozi kila Jumamosi, na kodi yangu inaisha tarehe 30 mwezi huu, na nimeangalia juu jana usiku, mwezi unazidi kuwa mkubwa.

Mwanika dagaa, Kibirizi,
Kigoma.